Ithibati ya kocha wa kuteleza kwenye barafu: Marekani, Kanada, Uingereza au kupitia ISU?

Kocha wa mchezo wa kuteleza kwa mitindo kwenye barafu anaweza kuwa na miaka ishirini kazini na wanamichezo wenye medali, na bado akazuiwa mlangoni siku ya mashindano kwa sababu ya kozi ya nusu saa iliyokwisha muda wake. Ithibati ya mashindano inauliza maswali matatu kwa mpigo. Wewe ni mwanachama wa nani? Nani amekagua kwamba watoto wako salama mikononi mwako? Nani amethibitisha kwamba unajua kufundisha? Kila mfumo unayapa maswali hayo uzito wake.

Ulinganisho huu ni wa kocha anayetafuta pa kuanzia, kocha anayehama nchi, na mzazi anayetaka kujua kama kocha anayemlipa ataruhusiwa kusimama ukingoni mwanawe akipasha misuli moto. Msimamo wetu tunauweka wazi mapema: jina kubwa la cheti lisikuvute. Angalia msimu ujao utasimama kwenye ukingo wa uwanja gani, ukiwa na mwanamichezo gani, kisha hesabu majuma kurudi nyuma.

Tofauti kubwa iko kwenye cheti cha ufundi

Marekani, chini ya U.S. Figure Skating, mambo yote yanaishia kwenye orodha ya makocha waliotimiza masharti. Uanachama, ukaguzi wa rekodi, mafunzo ya ulinzi wa watoto, elimu endelevu, bima ya dhima na kukubali kanuni za maadili vikiwa hai kwa pamoja, jina lako limo. Kimoja kikifa, jina linatoka. Cheti kinachosema wewe ni fundi wa kufundisha mruko wa Lutz si sharti la kuwamo. Vyeti hivyo vipo: PSA, chama cha walimu wa mchezo huu kilichoanzishwa 1938, hutahini makocha kwa madaraja ya Registered, Certified, Senior na Master, kila tawi la mchezo kivyake. Lakini daraja la PSA ni heshima ya kitaaluma na silaha ya kutafutia kazi. Kocha asiye na daraja lolote anaweza kupata beji ya kuingilia mashindano, na mwenye Master akaikosa.

Kanada ni kinyume chake. Skate Canada inatumia mfumo wa taifa wa vyeti vya ukocha, NCCP, ambao unahudumia michezo mingi na si huu peke yake. Bila mafunzo ya NCCP huanzi kazi, na kadiri mashindano yanavyopanda ndivyo cheti kinachotakiwa kinavyopanda.

Uingereza iko katikati, ila imeegemea upande wa Kanada. British Ice Skating hutoa leseni ya ukocha, na leseni hiyo imefungwa kwenye ngazi ya sifa uliyopata.

ISU, shirikisho la kimataifa, ina mlango mmoja tu wa kuingilia mashindano yake: shirikisho la nchi. Kocha hajisajili mwenyewe. Anapelekwa kama sehemu ya timu.

| | Marekani | Kanada | Uingereza | Kimataifa |
|---|---|---|---|---|
| Anayekuidhinisha | U.S. Figure Skating | Skate Canada | British Ice Skating | Shirikisho la nchi linalokupeleka |
| Cheti cha ufundi | Hiari (PSA) | Lazima (NCCP) | Lazima (ngazi za ukocha) | Kwa kanuni za shirikisho hilo |
| Ukaguzi wa rekodi | Kampuni iliyoteuliwa, jibu la kijani au jekundu | Ukaguzi wa polisi pamoja na tamko lako | DBS, PVG au AccessNI | Hufanywa nyumbani kabla ya kupelekwa |
| Muda wa kuanza kutoka sifuri | Majuma kadhaa | Miezi, na kwa ngazi za juu miaka | Miezi | Hakuna njia ya kuanzia hapa |
| Kinachowakwamisha wengi | Tarehe zisizooana | Kufundishwa bila kutahiniwa | Cheti cha ukaguzi kisichohamishika | Nafasi chache za beji |

Marekani: mtihani ni kalenda

Hakuna sharti hata moja la Marekani lililo gumu likitazamwa peke yake. Ugumu ni kwamba kila moja lina saa yake, na saa hizo hazilingani.

Msimu wa uanachama huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mfululizo wa mashindano ya mchujo wa taifa, unaojulikana kwa kifupi NQS, unachezwa miezi ya kiangazi. Kwa hiyo kocha aliyekuwa safi kwenye mashindano ya mwishoni mwa Juni anaweza kufika kwenye mashindano ya wiki ya kwanza ya Julai akiwa hayumo kwenye orodha, ingawa hajabadilisha chochote. Hilo ndilo kosa lake: hajabadilisha chochote. Msimu umegeuka na yeye hakuhuisha uanachama. Fanya uhuishaji mara dirisha la msimu mpya linapofunguliwa, usingoje siku ya mwisho.

Mafunzo ya SafeSport yana saa nyingine kabisa. Yanatolewa na Kituo cha SafeSport cha Marekani, kilichofunguliwa Denver mwaka 2017, na muda wake unahesabiwa tangu siku uliyomaliza kozi, miezi 12. Msimu wa uanachama hauingii kwenye hesabu hiyo. Mwaka wa kwanza unafanya kozi kamili, ambayo hula kama saa moja na nusu na ina sehemu tatu: unyanyasaji wa kingono, wajibu wa kuripoti, na unyanyasaji wa kihisia na kimwili. Miaka mitatu inayofuata unafanya kozi fupi za kukumbushia, moja kila mwaka, kisha unarudi kwenye kozi kamili. Ukiwa ulimaliza kozi yako tarehe 10 Novemba, itakufia katikati ya mashindano ya kanda, wakati ambapo akili yako yote iko kwa mwanamichezo. Dawa yake ni rahisi: rudia kozi mapema, Mei au Juni, ili saa yake ianze kwenda sambamba na ya uanachama. Unapoteza miezi michache ya uhalali wa zamani, unapata msimu mzima wa amani.

Kuna mtego wa pili kwenye SafeSport. Ingia kwenye kozi kupitia akaunti yako ya uanachama wa U.S. Figure Skating. Aliyeifanya akiwa mwalimu wa mpira wa magongo, au kwa akaunti aliyofungua kivyake, ana cheti halali ambacho mfumo wa kuteleza haukioni. Halikadhalika anayetumia jina la ndoa kwenye uanachama na jina la kuzaliwa kwenye kozi. Herufi kwa herufi, jina liwe lile lile lililoko kwenye kitambulisho chako cha serikali, kwa sababu hicho ndicho utakachoonyesha mezani.

Ukaguzi wa rekodi za uhalifu unamhusu kila aliyetimiza miaka 18. Wewe unajaza fomu mtandaoni na kutoa ridhaa, kampuni iliyoteuliwa inapekua, jibu linakuja likiwa la kijani au jekundu. Sera ya kamati ya Olimpiki ya Marekani, USOPC, inataka urudiwe angalau kila miaka miwili, na chama kina uhuru wa kutaka zaidi. Wengi hupata jibu kwa siku chache, lakini usipange kwa siku chache. Aliyeishi kaunti nyingi, au ambaye mahakama ya alikoishi bado inatafuta majalada kwa mkono, anaweza kungoja majuma. Mwezi mmoja na nusu kabla ya mashindano ni umbali wa kutosha. Siku kumi ni kubahatisha.

Idadi ya kozi za elimu endelevu inategemea unampeleka nani wapi: kocha wa mashindano ya mchujo anadaiwa zaidi kuliko wa mashindano ya kawaida ya klabu. Hapa ndipo uchaguzi wa kweli wa Marekani ulipo, na ushauri wetu ni mmoja. Kama una hata mwanamichezo mmoja anayeweza kuingia kwenye mchujo msimu huu, chukua mzigo wa juu tangu mwanzo. Kocha aliyejiandikisha kwa mzigo mdogo, kisha mtoto wake akaiva ghafla mwezi Agosti, hujikuta anakimbizana na kozi katika dakika za lala salama.

Na ukiwa ndani ya mfumo huu, sheria haiishii kwenye beji. Sheria ya taifa la Marekani yenye mwaka 2017 katika jina lake, iliyotiwa saini Februari 2018, inamtaka kocha aripoti tuhuma ya unyanyasaji wa mtoto ndani ya saa 24. Kanuni za kuzuia unyanyasaji wa wanamichezo watoto, MAAPP, zinataka mazungumzo ya ana kwa ana na mtoto yafanyike mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuona na kuingilia, na zinagusa pia ujumbe wa simu, usafiri, malazi na vyumba vya kubadilishia nguo. Kwenye safari ya mashindano hayo ni mambo ya kila saa: nani anakaa na mtoto kwenye gari, nani yumo kwenye kundi la ujumbe, mlango wa chumba cha hoteli uko wazi au umefungwa. Kocha anayehamia Marekani kutoka nchi yenye desturi legevu ajifunze sehemu hii kabla ya nyingine zote. Ukisimamishwa hapa, jina huingia kwenye kanzidata ya adhabu inayosomwa na yeyote.

Kanada: tofauti kati ya aliyefundishwa na aliyetahiniwa

NCCP ina hali tatu ambazo watu huzichanganya: yuko kwenye mafunzo, amefundishwa, amethibitishwa. Aliyefundishwa amehudhuria kozi zote za ngazi yake. Aliyethibitishwa amepimwa: ametoa jalada la kazi zake, ameangaliwa akifundisha juu ya barafu, na amefaulu tathmini ya mtandaoni ya kufanya maamuzi ya kimaadili. Umbali kati ya hali hizo mbili ndio unaowaangusha wengi. Kozi huisha kwa wikendi chache, furaha inakuwa nyingi, halafu jalada linakaa kwenye kompyuta miaka miwili. Tangazo la mashindano makubwa likija na kudai kocha aliyethibitishwa, cheti cha mahudhurio hakisaidii.

Skate Canada imezipanga ngazi zake kuanzia CanSkate, ambaye ni mwalimu wa wanaoanza, kisha kocha wa ngazi ya mkoa, wa jimbo, hadi wa taifa. Mwalimu wa CanSkate asijipe matumaini ya kusimama ukingoni kwenye mashindano ya taifa. Kwa upande mwingine, si kila mtu anahitaji kupanda. Kama kazi yako ni darasa la watoto wa miaka sita Jumamosi asubuhi, ngazi ya chini iliyothibitishwa kikamilifu ina thamani kuliko ngazi ya juu iliyoachwa njiani, kwa sababu hiyo ya chini inakupa haki zote za ngazi yake leo.

Nje ya ufundi, kocha lazima awe katika hadhi njema: amesajiliwa kwa msimu, ana huduma ya kwanza iliyo hai, ana mafunzo ya michezo salama, na amepita uchunguzi. Vyeti vya huduma ya kwanza nchini Kanada kwa kawaida hudumu miaka mitatu, muda mrefu wa kutosha kumsahaulisha mtu. Andika tarehe ya mwisho kwenye simu siku ile ile unayopewa cheti.

Uchunguzi wa Kanada una sehemu mbili: ukaguzi wa taarifa za polisi, na tamko ambalo unalijaza mwenyewe kueleza kama kuna kesi, adhabu ya kimichezo au sharti lolote la mahakama. Tamko hilo wengi hulipita mbio. Ukificha kosa dogo la zamani ambalo polisi wanalo, tatizo linageuka kutoka kosa dogo na kuwa uongo kwenye hati ya chama. Baadhi ya klabu na majimbo huongeza ukaguzi wa watu wanaofanya kazi na walio katika hatari. Katika huo, kama jinsia na tarehe yako ya kuzaliwa vimegongana na vya mtu aliyewahi kusamehewa kosa la kingono, polisi watakuita uchukuliwe alama za vidole. Hiyo si tuhuma, ni njia ya kukutofautisha na yule mwingine, lakini inakula majuma. Usishtuke, na usiahirishe kwenda.

Kocha aliyethibitishwa anatakiwa pia kukusanya pointi za maendeleo ya kitaaluma katika mzunguko wa miaka mitano. Anayeziacha zote mwaka wa tano atalipia kozi asizozihitaji ili mradi namba zitimie. Malalamiko ya unyanyasaji, tangu tarehe 1 Aprili 2025, yanashughulikiwa katika ngazi ya taifa na Mpango wa Michezo Salama wa Kanada ulio chini ya CCES, kituo kile kile kinachosimamia vita dhidi ya dawa za kusisimua misuli.

Uingereza: leseni moja, mifumo mitatu ya ukaguzi

Kuhusu ngazi, jambo la kuamua ni dogo lakini zito. Kocha wa ngazi ya kwanza ni msaidizi anayefanya kazi chini ya uangalizi. Wa ngazi ya pili anaendesha kipindi mwenyewe. Anayetaka kuwa na wanamichezo wake na kuwapeleka mashindanoni ahesabu ngazi ya pili kuwa ndiyo mwanzo wake, na bajeti yake ya muda na fedha iandikwe hivyo.

Leseni inasimama juu ya sifa hiyo pamoja na uanachama, bima, mafunzo ya ulinzi wa watoto, huduma ya kwanza na ukaguzi wa rekodi. Ukaguzi ndio unaochanganya, kwa sababu ufalme huu una mifumo mitatu. England na Wales wanatumia DBS, Scotland PVG, na Ireland ya Kaskazini AccessNI. PVG imekuwa sharti la kisheria kwa kazi zinazosimamiwa, yaani zile za kushughulika na watoto au watu walio katika hatari, tangu tarehe 1 Aprili 2025. Kocha anayehama kutoka Sheffield kwenda Glasgow asidhani DBS yake inamfuata.

DBS ina huduma ya kuhuisha taarifa ambayo huwezesha cheti kimoja kukaguliwa upya mtandaoni bila kuanza maombi mapya. Lazima ujisajili ndani ya siku 30 tangu cheti kutolewa. Hesabu inaanza na tarehe iliyochapishwa kwenye cheti. Bahasha ikichelewa kwenye posta, siku zimeliwa. Ukipitwa, unalazimika kuomba cheti kingine. Kwa kocha anayefundisha kwenye viwanja viwili au vitatu, huduma hii ni lazima kwa akili ya kawaida, hata kama hakuna aliyemlazimisha.

Basi uchague upi?

Kama unaanza kabisa na bado uko huru kuchagua, swali ni unataka mfumo ukufundishe au ukukague. Kanada inakufundisha. Inachukua muda mrefu, lakini mwisho wake una karatasi inayoeleza uwezo wako kwa mtu asiyekujua. Marekani inakukagua na kukuachia soko liamue kama wewe ni kocha mzuri. Mtelezaji aliyestaafu mashindano na mwenye jina ataingia kazini haraka zaidi Marekani. Asiye na jina atalindwa zaidi na cheti cha Kanada au Uingereza. Na huko Marekani, kocha asiye na historia ya kushindana tunamshauri afuate madaraja ya PSA ingawa ni ya hiari, maana ndiyo njia pekee iliyo karibu na cheti cha ufundi ambayo klabu itaitambua.

Kama unahama, kubali mapema kwamba karibu hakuna kinachohamia moja kwa moja. Kijani cha Marekani si DBS. Kozi ya SafeSport haifuti mafunzo ya michezo salama ya Kanada. Kinachokusaidia ni ushahidi wa ufundi: barua za klabu zenye tarehe, matokeo ya wanamichezo wako, mihtasari ya kozi ulizosoma na saa zake, na nakala za vyeti vya awali. NCCP na British Ice Skating zinaweza kupima sifa za kocha kutoka nje, lakini zinapima makaratasi. Kusanya barua hizo ukiwa bado kwenye klabu yako ya zamani. Ukishaondoka, kiongozi mpya anayeingia hakujui. Omba pia cheti cha tabia njema katika nchi unayoiacha kabla ya kuondoka, kwa sababu ukaguzi wa nchi mpya mara nyingi hauoni miaka uliyoishi kwingine, na kukiomba ukiwa mbali ni kazi ya miezi.

Mzazi anayelinganisha makocha wawili aulize maswali ya tarehe, aachane na maswali ya sifa. Ithibati yako inaisha lini? Mwanangu akifuzu hatua inayofuata, unaruhusiwa kusimama naye? Ukiwa na mashindano mawili siku moja, nani anasimama badala yako, na yeye amekaguliwa? Kocha anayejibu hayo bila kufungua mafaili ana mpangilio mzuri. Na kama mzazi mwenyewe ndiye anayemfundisha mwanawe, uzazi haumwondolei sharti. Vivyo hivyo kwa mpangaji wa miondoko anayetaka kusimama ukingoni: mashindano yanamhesabu kocha.

Ngazi ya ISU na Olimpiki

Hapa mantiki inabadilika. Masharti ya usalama yameshakaguliwa nyumbani. Kinachogombaniwa ni nafasi. Kila mashindano ya ISU yana tangazo lake lenye tarehe za mwisho, na ni shirikisho linalojaza majina ya wanamichezo, viongozi, madaktari na makocha. Kocha asiyetajwa na shirikisho hayupo, hata kama ndiye aliyemfundisha bingwa tangu utotoni.

Tatizo halisi huwapata makocha wenye wanamichezo wa nchi kadhaa. Si wachache: shule ya dansi ya barafu ya Montreal inayoongozwa na Marie-France Dubreuil, Patrice Lauzon na Romain Haguenauer imekuwa ikipeleka jozi za nchi nyingi kwenye mashindano yale yale, na Brian Orser alikuwa na Yuzuru Hanyu wa Japani na Javier Fernández wa Hispania kwenye jukwaa moja huko Pyeongchang 2018. Kocha wa aina hii akubaliane kwa maandishi, miezi kabla, ni shirikisho lipi linatoa beji yake na mengine yanachangia nini. Akiacha mambo yaelee, kila shirikisho hudhani lile lingine limeshamwandika, na anaambulia patupu.

Olimpiki ni finyu zaidi. Kadi ya Olimpiki hutolewa kupitia kamati ya Olimpiki ya nchi, na idadi ya kadi za maofisa wa timu, zenye alama Ao, inategemea ukubwa wa msafara. Nchi yenye mtelezaji mmoja inaweza kulazimika kuchagua kati ya kocha na tabibu. Majina huanza kukusanywa miezi mingi kabla ya Michezo, mara nyingi kabla kufuzu hakujakamilika, kwa hiyo kocha mwenye mwanamichezo anayenusa tiketi aombe awekwe kwenye orodha ndefu mapema. Kutoka kwenye orodha ni rahisi, kuingia baadaye karibu haiwezekani. Kadi hiyo ikishahalalishwa hutumika pamoja na pasipoti kuingia nchi mwenyeji, ndiyo maana namba ya pasipoti iliyobadilika baada ya maombi huleta balaa uwanja wa ndege.

Kuna jambo ambalo mwanamichezo analipia zaidi ya kocha. Kanuni ya Dunia dhidi ya dawa za kusisimua misuli, tangu toleo la 2015, ina kifungu 2.10: mwanamichezo anayeshirikiana kikazi na kocha aliyefungiwa kwa makosa ya dawa, ilhali anajua, anatenda kosa yeye mwenyewe. Adhabu yake ni miaka miwili, inayoweza kupunguzwa hadi mmoja. WADA, shirika la dunia linalopambana na dawa hizo, huchapisha orodha ya wasaidizi wa wanamichezo waliofungiwa. Kuipitia kunachukua dakika mbili, na kocha msafi hatachukia ukimwambia umeipitia.

Siku yenyewe

Mezani utakutana na mtu wa kujitolea mwenye orodha. Hana mamlaka ya kukuonea huruma. Toa kitambulisho cha serikali chenye picha. Picha kwenye simu mara nyingi hukataliwa. Kama jina halimo, usibishane hapo, uliza mara moja ni sharti gani lililokwama. Kozi ya mtandaoni inaweza kumalizwa kwenye benchi la korido na jina likarudi baada ya mfumo kuhuishwa, pengine saa chache. Ukaguzi wa rekodi hauna njia ya mkato, na katika hali hiyo kazi yako ni kutafuta kocha mbadala aliyemo kwenye orodha na kumkabidhi vitu vitatu: faili ya akiba ya muziki, karatasi ya vipengele vilivyopangwa, na maneno mawili au matatu ambayo mtoto amezoea kuyasikia kabla ya kuingia.

Angalia pia namba au rangi za maeneo kwenye beji kabla hujaondoka mezani. Beji ya kuingia ukumbini inaweza isifungue mlango wa barafu wala sehemu ya kungojea alama, na hapo ukingoni na kwenye benchi la alama kwa kawaida wanaruhusiwa makocha wawili tu kwa mwanamichezo mmoja. Mkiwa watatu, amueni jana yake. Kupasha moto kwa watelezaji wa mmoja mmoja kwenye mashindano ya ISU ni dakika sita, na kikundi kikishaitwa hakuna anayesimamisha saa kwa ajili ya kocha aliyeko mlangoni. Beji isiazimwe kamwe, hata kwa msaidizi wako mwenyewe kwa dakika hizo sita: anayekamatwa nayo anatolewa, na aliyeiazima anaweza kunyang'anywa ya kwake kwa mashindano yote yaliyobaki. Ikipotea, ripoti mara moja ili ya zamani ifungwe kabla hujapewa nyingine.